Bei Itashuka Asubuhi

Mimi mafuta nayajua. Nalisema mapema kwa sababu tangu yale yaliyotukuta barabara ya 494, kuna watu kanisani wanaozungumza nami habari za mafuta polepole, kama wanazungumza na mgonjwa.

Uvira, huko Kongo, nilikuwa kadhafi. Ndivyo tunavyowaita kwetu wauza mafuta wa kando ya barabara, wenye meza, mrija na chupa za lita mojamoja. Mafuta yangu yalivuka mpaka wa Burundi ndani ya madumu, na kwa miaka tisa nililisha pikipiki na teksi za mtaa mzima. Kazi ile haikutaka nguvu, ilitaka masikio. Waziri huko Kinshasa alitia sahihi karatasi, redio ikaisoma jioni, kulipokucha bei ilikuwa mpya. Uliposikia kwamba itapanda, ulijaza kila dumu. Uliposikia kwamba itashuka, uliuza mpaka tone la mwisho na hukununua kitu mpaka asubuhi. Sikukosea hata mara moja.

Kaka yangu Alfred ndiye aliyekosea. Alijaza mapipa manne siku moja kabla ya amri ya kushusha bei, na Uvira ilimcheka. Walimwita Bwana Mapipa. Siku ya harusi yake na Bernardine, mshereheshaji alimwita kwa jina hilohilo mbele ya wakwe, na mimi nilicheka kuliko wote. Moyoni niliapa kwamba watu hawatanicheka mimi hivyo hata siku moja.

Alfred alifariki katika kambi ya wakimbizi Burundi. Bernardine aliletwa Minnesota, huku Marekani nilikotangulia, na binti zake wawili, na walifikia kwetu Maplewood, chumba cha chini chenye dirisha moja dogo ambalo wakati wa baridi hufunikwa na theluji. Walikuwa wamekaa humo miaka miwili. Hakulalamika, ila aliacha kutundika picha ukutani. Mwezi wa Aprili alipata nyumba ya kupanga Oakdale, vyumba viwili na madirisha ya kweli, na mwenye nyumba alitaka kitu kimoja tu, barua ya mwajiri kwamba ana kazi ya kudumu. Alikubali kumwekea mpaka mwisho wa Mei.

Barua hiyo ilikuwa imeningʼinia kwenye siku tisini. Sote tulifanya kazi kwenye ghala moja huko Shakopee, kupanga na kufunga masanduku, lakini Bernardine alikuwa bado chini ya ajensi, kampuni inayokodisha vibarua. Ukimaliza siku tisini unakuwa mwajiriwa wa ghala lenyewe. Ndani ya siku hizo ukichelewa mara tatu unavumiliwa, ya nne unarudisha beji mlangoni na unaanza upya, ukibahatika. Bernardine alikwisha kutumia zote tatu, mbili kwa sababu ya theluji ya Machi na moja binti yake alipougua. Jumanne ile ninayoisimulia alikuwa na siku themanini na saba.

Na dereva wake ni mimi. Kila alfajiri niliwapakia kwenye vani yangu ya viti saba. Shemasi Munyaneza alikaa mbele kwa heshima ya umri na magoti. Katikati alikaa Bernardine na Perpétue, jirani yetu anayeuliza maswali tangu mlango unafunguliwa. Nyuma walikuwa vijana wawili Warundi waliopanda wamelala na kushuka wamelala, na Cyrus, Mkenya anayesomea uuguzi jioni, aliyejiunga nasi gari lake lilipokuwa kwa fundi. Cyrus ni kijana mzuri. Shida yake ni kwamba anajua mambo, na akijua anasema.

Mei ile ya 2011 bei ya mafuta ilikuwa imekaribia dola nne kwa galoni. Nilikuwa siwezi kukaa nikatulia. Nilipita vituo nikisoma mabango, nikirudi nyumbani nilitazama habari, nikimaliza nilitoka nje kutazama mshale wa tangi kama mtu anayemchungulia mtoto mwenye homa. Shemasi aliniuliza kama ninapandisha mchango wa safari. Nilimwambia asubiri, serikali imelishika jambo hili.

Na kweli ilikuwa imelishika. Wiki moja kabla, wakuu wa makampuni matano makubwa ya mafuta waliketishwa mezani mbele ya maseneta, kamera zikiwamulika, wakaulizwa kwa nini faida yao ni nono hivyo na bado wanapunguziwa kodi. Nilitazama suti zile na jinsi walivyokuwa wakinywa maji. Kwetu tajiri akiketishwa hivyo mbele ya watu, kesho yake bei imeshuka au yeye yuko gerezani.

Jumanne jioni baraza la Seneti lilipiga kura. Binti yangu Rachelle, wa miaka kumi na minne, ndiye mkalimani wangu wa televisheni. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, tunaelewana.

"Wangapi wamekubali kuwabana?"

"Fifty-two," alisema, macho kwenye simu yake.

"Na waliokataa?"

"Forty-eight. But Dad, they need..."

Nilikuwa nimekwisha kuinuka. Hamsini na mbili, arobaini na nane. Sikuhitaji mkalimani wa hesabu. Nilizunguka jikoni, nikafungua friji bila kutaka kitu, nikaifunga.

Bernardine alipanda kutoka chini kuchukua pasi, akaulizia mafuta. "Shemeji, gari iko na essence ya kesho?"

"Bei itashuka asubuhi," nilimwambia. "Wamepiga kura leo. Nitajaza njiani."

"Leo ni themanini na saba," alisema.

"Minajua, shemeji."

Alinitazama kidogo, akachukua pasi, akashuka. Mshale ulikuwa umelala juu kidogo ya mstari mwekundu. Kufika kituo cha kwanza asubuhi ulitosha, hata cha pili. Nililala kama nilivyokuwa nalala Uvira siku za amri, bila dumu hata moja, na kwa raha.

Tuliondoka saa kumi na moja kasoro dakika tano. Zamu inaanza saa kumi na mbili, na kutoka kwetu mpaka Shakopee ni dakika arobaini na tano kwa 494 inayozunguka kusini. Kituo cha kwanza kiko mita chache kabla ya kuingia barabara kuu. Nilipunguza mwendo, nikainua macho kwenye bango. Tatu na themanini na tisa. Ileile ya jana.

Nilijipa jibu haraka. Mtu wa zamu ya usiku hajabadilisha namba. Hata kwetu walikuwepo wavivu wa namna hiyo, mpaka mteja agombe. Nikinunua hapa nitakuwa mjinga wa mwisho mjini kulipa bei ya zamani. Nikaongeza mwendo, nikaingia 494.

Baada ya daraja la Mississippi taa ya manjano iliwaka kwenye dashibodi. Niliona mimi tu, maana Shemasi macho yake hayafiki huko asubuhi. Nilibadilisha stesheni ya redio. Nikabadilisha tena. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia bei mpya, na wote walikuwa wanazungumza habari za mvua.

Kituo cha pili kinaonekana toka barabarani, bango lake refu. Tatu na tisini na moja. Ilikuwa imepanda.

"Si mlisema itashuka?" Perpétue aliuliza.

"Itashuka. Kura ilipita jana. Hamsini na mbili kwa arobaini na nane."

"Haikupita, mzee," Cyrus alisema kutoka nyuma. "Ilianguka. Kwa Senate hiyo ilikuwa inataka sixty ndio iendelee. Fifty-two haitoshi."

"Hamsini na mbili ni wengi kuliko arobaini na nane."

"Ni wengi, lakini ndio rules zao. Na hata ingepita, ilikuwa ni story ya tax za hizo kampuni. Hakuna mtu angeshusha bei ya pump leo. Hapa serikali haipangi bei." Aliegemea kiti cha mbele yake. "Mzee, uko na mafuta? Ebu toka hiyo exit ya Eagan u-fill."

Njia ya kutokea ilikuwa pale mbele, mkono wa kulia, na kituo chake kinawaka taa. Ningegeuza usukani kidogo tu. Dakika nne, na tungefika mapema.

Sikugeuza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni dogo, nalionea haya. Ningetoka pale, Cyrus angekuwa amenifundisha mafuta mimi, mbele ya Shemasi na mbele ya mjane wa Bwana Mapipa. Nilisema, "Yapo ya kutosha," nikaipita.

Vani ilikufa Bloomington, saa kumi na moja na dakika thelathini na moja. Ilikohoa mara mbili, usukani ukawa mzito, nikaikokota mpaka ukingoni mwa barabara. Malori yalikuwa yanatupita na gari linatikisika. Kulikuwa kunapambazuka.

"Papa Rachelle, iko nini?" Perpétue aliuliza.

"Pompe," nilisema. Neno hilo la kwetu la pampu lilitoka lenyewe. "Pompe ya mafuta imekufa."

Gari likiharibika ni kazi ya Mungu, mtu anapewa pole. Kuishiwa mafuta ni upumbavu wa mtu mwenyewe, na jina utapewa. Nilishuka, nikafungua boneti, nikaanza kushikashika mipira na nyaya nisizozijua. Shemasi Munyaneza alishuka pia, akavua kofia, akasema tuombe. Aliiombea pampu ile kwa kuitaja. Mimi nilisema amina.

Mungu ni mwema kuliko tunavyostahili, maana hazikupita dakika tano likaja lori la serikali ya jimbo, lenye taa za manjano, lile linalozunguka barabara kuu asubuhi kuwasaidia waliokwama. Alishuka mzungu mnene mwenye ndevu za mvi, akaja dirishani, akauliza swali ambalo hata Warundi wa nyuma waliamka kulisikia.

"Out of gas?"

Nyuma ya lori lake niliona madumu mawili mekundu yamefungwa kwa mkanda. Niliyajua kabla hajayataja. Serikali niliyokuwa naisubiri ilikuwa imesimama pale na fulana yake ya kung'aa, imeniletea mafuta mpaka kando ya barabara, bure. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo, mafuta yameisha.

Nyuso zote zilikuwa dirishani. Cyrus alikuwa ananitazama.

"No," nilisema. "Pump. Broken."

Aliangalia injini, akatingisha kichwa, akasema ataita gari la kuvuta, huenda likachukua dakika arobaini. Akarudi kwenye lori lake, akaketi, akashika redio.

Nilisimama mbele ya boneti na mikono michafu. Nilihesabu magari yaliyopita, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Nilitaka kwenda kumwambia, badala yake nikashika mpira mwingine. Kila dakika niliyokaa kimya iliufanya uongo uwe mkubwa na kuutoa kuwe kugumu zaidi.

Bernardine aliinama katikati ya viti vya mbele. "Shemeji, zungusha ufunguo."

"Haitawaka."

"Sisemi iwake. Zungusha nione."

Niliingia, nikazungusha. Taa ya manjano ikawaka. Mshale haukutikisika, ulilala chini kabisa. Bernardine alikuwa mke wa muuza mafuta kwa miaka kumi na moja, hakuhitaji kuelezwa. Alivuta mlango wa pembeni, akashuka, akatembea ukingoni mwa barabara huku upepo wa malori ukimpiga sketi, mpaka kwenye lori la serikali. Mwanamke huyu dukani huelekeza kwa kidole ili asizungumze Kiingereza na mtu. Aligonga kioo.

"No gas," nilimsikia akisema kwa sauti. "Please. No gas. Six o'clock."

Yule mzungu hakutucheka. Alimimina galoni moja kwa muda usiozidi dakika tatu, akafuta mdomo wa tangi kwa kitambaa, akanipigapiga bega. "Happens every day," alisema. Hutokea kila siku. Kama kuna maneno yaliyowahi kunichapa ni hayo.

Niliendesha kama mtu anayefukuzwa. Tuliingia uwanja wa ghala saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa, na Bernardine aliruka kabla vani haijasimama. Nilimwona akikimbia kati ya magari, amebana mkoba kwapani, kitambaa cha kichwa kimemwanguka na hakukiokota.

Mbele ya mashine ya beji kulikuwa na watu sita. Alipogusisha yake ilisoma saa kumi na mbili na dakika mbili.

Sisi wengine tuliandikiwa alama moja ya kuchelewa kila mtu, na nafasi za kukosea tulikuwa nazo. Nilipofika mlangoni Bernardine alikuwa amesimama kwenye dirisha la mlinzi akivua kamba ya beji shingoni. Ilimnasa kwenye hereni. Aliinasua taratibu, akaiweka kwenye sinia lao la plastiki.

Nilimwambia nitamrudisha nyumbani sasa hivi.

"Na weye upoteze siku?" alisema. "Nipe funguo. Nitangoja ndani ya gari."

Alingoja kwa muda wa saa nane na nusu. Wakati wa mapumziko nilimpelekea chai na mkate. Alikuwa ameketi kiti cha mbele cha Shemasi, mikono mapajani. Niliingia nikakaa mbele ya usukani, na kwa muda mrefu tulitazama ukuta wa ghala.

"Mafuta kuisha, hiyo minaelewa," alisema. "Ungesema pale pale yule mutu alipouliza, tungefika."

"Nilijua mtanicheka."

"Tungecheka." Alipuliza chai yake. "Alfred alichekwa na Uvira nzima. Alinunua mapipa siku mbaya, batu bakacheka, akauza kwa hasara, akanioa, tukakula. Jioni alikuwa anajiita Bwana Mapipa yeye mwenyewe. Kuchekwa haikumuua."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na nilitaka anitukane, anipigie kelele, afanye lolote. Alimaliza chai, akanirudishia kikombe.

"Dakika tano, shemeji," alisema. "Ulikaa na ile pompe yako dakika tano."

Nyumba ya Oakdale ilichukuliwa na watu wengine mwisho wa mwezi. Ndani ya Juni bei ya mafuta ilishuka yenyewe, siku baada ya siku, senti mbili, senti nne. Hakuna aliyeketishwa mezani, hakuna aliyepiga kura, na mimi nilijaza tangi kila jioni bila kutazama bango. Jambo lililonisumbua ni kwamba hakuna aliyenicheka. Walijua wote, Perpétue alihakikisha hilo, na walinisalimu kwa upole, wakaniuliza hali ya gari. Shemasi hakuwahi kuitaja ile sala. Nilikuwa nalala vibaya, naamka, nashuka nusu ya ngazi kuelekea chumba cha chini, nasimama, napanda tena.

Julai Bernardine alipata ajensi nyingine, ghala lilelile. Beji mpya, siku ya kwanza. Asubuhi hiyo alitoka kabla ya wote na kuketi mbele, na Shemasi alipofika aliona, akaenda katikati na magoti yake. Mimi nilishika ufunguo.

"Washa kwanza," Bernardine alisema, mkanda wake ungali mkononi.

Niliwasha. Aliinama upande wangu, akautazama mshale ukipanda mpaka juu kabisa, akagonga kioo chake kwa ukucha kama fundi. Ndipo alipofunga mkanda.

"Papa Rachelle," Shemasi Munyaneza alisema nyuma yangu, polepole, "serikali imesemaje leo?"

Perpétue alipasuka kwa kicheko, Cyrus akamfuata, na hata Warundi wawili, macho yamefumbwa, mabega yalikuwa yanawatikisika. Bernardine alijiziba mdomo kwa kiganja, ikashindikana, akacheka mpaka akapangusa machozi.

"Bwana Pompe," alisema, na wakaanza tena.

Niliendesha. Shingo ilikuwa inaniwaka, lakini mikono ilikaa sawa kwenye usukani. Tulipofika kituo cha mafuta cha kwanza walikuwa wamekwisha kunyamaza, na Perpétue alikuwa ameanza kuuliza habari nyingine. Nilitazama saa ya gari. Kicheko chote, tangu mlangoni kwangu, kilikuwa kimechukua dakika mbili.